Riwaya na Filamu Yake: Wasomaji Wanahukumu Nini?

Uhakiki wa riwaya iliyotungwa kufuata filamu una ugumu wake. Msomaji huijia akiwa amekwisha kuwajua wahusika, na aghalabu humdai mwandishi deni ambalo hakulikopa. Mfano ulio bayana ni *Splinter of the Mind's Eye*, riwaya ya Alan Dean Foster iliyochapishwa Marekani mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya filamu ya *Star Wars*.

Wako wasomaji wanaoisifu kwa wepesi wa matukio yake: Luke na Leia wanaanguka katika sayari ya ukungu na vinamasi iitwayo Mimban, nao wanalitafuta jiwe la ajabu kabla Vader hajalipata. Wako pia wanaoona haya kusoma jinsi Luke anavyomtamani Leia, kwani filamu ya mwaka 1983 ilifichua kwamba wawili hao ni ndugu. Wengine hulalamika kwamba Han Solo hayumo.

Kwa maoni yetu, lawama hizi mbili hazimhusu Foster. Udugu huo ulifichuliwa miaka mitano baada ya kitabu chake. Aidha, alitakiwa kutunga kisa kinachoweza kupigwa filamu kwa gharama ndogo iwapo ile ya kwanza isingefaulu. Ndiyo sababu ya ukungu unaoficha mandhari, na ndiyo sababu Han Solo aliachwa, maana mwigizaji wake, Harrison Ford, hakuwa na mkataba wa filamu ya pili. Hadhira ya ngano haimlaumu fanani wa jana kwa alivyosimulia fanani wa leo. Kwa nini basi mwandishi alaumiwe?

Hata hivyo, kumtetea hapa si kumsamehe kila kosa. Katika mji wa machimbo wa Mimban, wenyeji wa sayari wameharibiwa kwa pombe, nao huwaombaomba wageni wanaochimba ardhi yao. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa mandhari hayo. Foster anawaleta pia Wacoway, wenyeji waishio chini ya ardhi, ambao wanapigana kishujaa na askari wa dola. Lakini ushindi wao unakuwa daraja tu la kumvusha shujaa mgeni; akishavuka, hadithi inalikimbilia jiwe, na hatima ya wenyeji haiulizwi tena.

Kosa hili halikuletwa na mkataba wala na uchache wa fedha. Mwandishi aliuona ukoloni, akauchora, kisha akaupa kisogo. Ajabu ni kwamba wasomaji wanaobishana juu ya tamaa ya Luke nao huupita ukurasa huo bila kusita. Tuwafundishapo wanafunzi wetu riwaya pendwa, tusiwazuie kuifurahia. Tuwaombe tu watenge lile ambalo mwandishi hakuweza kulijua na lile aliloliona akalipuuza. Hilo la pili ndilo la kuhukumiwa.