Slaidi Isiyo na Malaria: Maabara na Homa ya Lamu ya 2004

Katikati ya 2004 homa iliingia kisiwa cha Lamu na kuwalaza watu kwa mamia. Viungo viliuma kiasi cha mtu mzima kushindwa kuinuka kitandani. Mwambao wetu umezoea malaria, na mazoea hayo ndiyo hatari yenyewe: ni rahisi kila homa kudhaniwa kuwa malaria.

Kinachomzuia daktari asiendelee kukisia ni slaidi. Tone nene la damu hutiwa rangi ya Giemsa, kisha mtaalamu wa maabara hulikagua kwa hadubini, uga baada ya uga. Asipoona vimelea, jibu lake lina uzito uleule wa kuviona, kwa kuwa linamtaka daktari atafute kwingine. Kwa maoni yangu, jibu hili la "hakuna" ndilo mchango wa maabara usiothaminiwa vya kutosha.

Lililofuata, kuutambua ugonjwa wenyewe, halikuwezekana kisiwani. Damu ya Lamu ilichunguzwa kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), na kirusi kikajulikana: chikungunya, ambacho mlipuko wake ulitambuliwa mara ya kwanza 1952–53 Newala, nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanzania ya leo. Upimaji wake unategemea siku. Katika siku chache za mwanzo kirusi chenyewe kimo kwenye damu na huweza kunaswa. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili, IgM kwanza, kisha IgG inayodumu miaka. Ndiyo maana tarehe ya kuanza kuugua, inayoandikwa kwenye fomu, ni sehemu ya kipimo. Na sampuli lazima ikae kwenye baridi, iwe inavuka kwa mashua kwenda uwanja wa ndege wa Manda au inapitia Mokowe kwa barabara.

Jibu hilo lilikuwa na faida gani kwa mgonjwa? Kirusi hiki hakina dawa ya kukiua. Lakini daktari huacha kurudia dawa za malaria, akampa paracetamol, maji na mapumziko, na aspirini ikasubiri mpaka shaka ya homa ya dengi iondolewe, kwa kuwa kwa mwenye dengi inaweza kuzidisha damu kuvuja.

Kinga nayo ilibadilika. Mbu anayekisambaza kirusi hiki, Aedes aegypti, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Huzaliana kwenye maji yaliyotulia majumbani, na watafiti waliuhusisha mlipuko huo na ukame: watu walihifadhi maji muda mrefu kwenye mapipa na mitungi.

Oktoba 2004 watafiti walipima damu ya wakazi 288. 215 kati yao, yaani asilimia 75, walikuwa na kingamwili. Walikadiria kwamba watu 13,500 hivi kisiwani waliambukizwa. Idadi hiyo isingepatikana kwa kuhesabu madaftari ya hospitali, kwani wengi huugulia nyumbani.

Mwaka 2005 ugonjwa ulifika Komoro, kisha Réunion. Virusi vya Lamu vilivyokuwa vimehifadhiwa vilisomwa jeni zake, vikaonekana kuwa karibu sana na vile vya visiwani huko. Tofauti moja ilikuwa nzito: vile vya Kenya havikuwa na badiliko la nafasi ya 226 kwenye protini E1, badiliko lililoenea Réunion na kukiwezesha kirusi kusambazwa vizuri na mbu mwingine, Aedes albopictus. Watafiti waliweza kuonyesha kwamba badiliko hilo lilitokea baada ya kirusi kuondoka pwani yetu, kwa sababu damu ya wagonjwa wa Lamu ilichukuliwa mapema na ikatunzwa.