Lita kwa lita

Mchukuzi mzuri huanza kwa kulisikiliza gunia. Nilijifunza hilo nikiwa mtoto, nimekaa juu ya mizigo ya mama pale stesheni ya Kabalo, wakati treni ilisubiriwa kwa siku kadhaa na hakuna aliyeuliza saa. Reli ilitufikia kutoka Kalemie mwaka 1915, kilomita 273 kutoka ziwani, na mwaka 1956 ikaungwa na njia ya Kamina. Tangu hapo mji wetu kazi yake ni kushusha na kupakia: kutoka mtumbwi wa mto Lualaba kwenda behewani, kutoka behewani kwenda kwenye baiskeli, kutoka baiskeli kwenda sokoni. Mahindi, samaki wakavu, chumvi, mkaa (huku kwetu tunauita makala, na ndugu wa Dar hucheka kila wanaposikia kwamba makala yetu yanaungua), vyote hivyo vimepita mgongoni mwa mtu.

Alikuwepo mzee mmoja mwembamba ambaye vijana walimwachia magunia mabaya. Gunia baya siyo lazima liwe zito. Ni lile lililojazwa vibaya, mahindi yanahama ndani yake. Mzee alilizunguka kwanza. Akalipiga teke dogo chini, akainamisha sikio. Punje zikilia kwa muda mrefu, alijua kuna nafasi ndani, na mzigo ungemgeuka njiani. Basi akalitikisa, akalikalisha, akakaza mdomo wake kwa kamba upya. Kisha akasogea mpaka gunia likagusa mifupa ya miguu yake. Akavuta pumzi, akaifungia tumboni. Mikono ikashika, lakini haikuvuta. Kwa kitambo kifupi sana ungedhani amebadili nia, kwa maana hakuna kilichotembea. Kumbe alikuwa analikaza gunia, anaondoa ulegevu wote ulioko kati ya vidole vyake na mahindi, na kati ya nyayo zake na ardhi. Halafu magoti na nyonga vikafunguka pamoja, na gunia likapanda limebana mapajani. Mwenzake akampokea juu, likatua begani penye kata ya matambara. Vijana wenye mikono minene walilinyakua gunia kama wanaliibia. Likawarudisha chini.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mafundisho ya wanyanyua vyuma wa Ulaya na Marekani, nikacheka peke yangu. Chuma kikae juu ya katikati ya unyayo. Mifupa ya miguu ikiguse. Pumzi ijae tumbo kabla ya kunyanyua, siyo baada. Kaza kwanza, kisha sukuma ardhi kwa miguu. Mzee wa stesheni alikuwa anayafanya haya yote bila kuwa na jina la hata moja.

Ninaandika haya kwa sababu ya mtu mwingine, ambaye sitasema anaishi mtaa gani wala mji gani. Lugha yetu inanisaidia kumficha. Kwa Kifaransa ningelazimika kuchagua, *il* au *elle*, kabla sijasema hata alichokula asubuhi. Kwa Kiswahili nasema tu: yeye ananyanyua, yeye anapumzika. Ananiita yaya, neno ambalo huku hutosha kwa mkubwa wako awe wa kike au wa kiume. Nami namwita mdogo wangu, nalo halifungui mlango wowote. Ni mtu transi: jinsia anayoijua ndani yake siyo ile aliyotangaziwa na mkunga, wala siyo ile iliyoandikwa kwenye kadi yake ya mpiga kura.

Alijaribu kwanza kwenda kwa vijana wa vyuma. Kila mji wetu una kiwanja cha namna hiyo, nyuma ya nyumba ya mtu, na makopo yaliyojazwa saruji pande mbili za bomba. Alikwenda siku tatu. Siku ya kwanza walimtazama, ya pili wakauliza, ya tatu wakacheka, na hakurudi tena. Ni haki kusema kwamba viwanja hivyo vimewatoa vijana wengi barabarani. Lakini ni mahali pa macho. Kuna kioo kilichovunjika kimeegemezwa ukutani, na pale pasipo na kioo, wenzako ndio kioo. Kwa mtu ambaye macho ya watu yamekuwa mzigo tangu utotoni, huko siyo kwa kuanzia.

Akaanzia kwenye bidoni.

Sijui kama kuna chombo cha mazoezi kilichobuniwa vizuri kuliko bidoni ya lita 20, ile ya njano iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia na ambayo kila paseli, yaani ua wa nyumba, haikosi mbili au tatu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hakuna sahani za chuma zenye hesabu safi kama hiyo. Unapitisha mti mgumu kwenye vishikio viwili, unafunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili zisiteleze, na unaanza na lita tano kila upande. Juma lijalo sita. Makopo ya saruji hayajui kuongezeka kidogo. Ukitoka kwa kopo dogo unarukia kubwa, na hapo ndipo migongo ya vijana huumia. Bidoni inakubali hata kikombe.

Kishikio chake kiko juu kiasi kwamba hulazimiki kuinama sana. Sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma hulala sentimita 22 na nusu tu kutoka chini. Mti wa bidoni uko juu zaidi ya hapo, na mgongo wa mwanafunzi unashukuru.

Lakini kilichonifanya nikae nimtazame mdogo wangu asubuhi nzima ni jambo jingine. Bidoni iliyojaa hutulia. Bidoni iliyojaa nusu ina akili zake. Ukiinyakua, maji hupiga ukuta wa nyuma, hurudi, hupiga wa mbele, na mti unakuyumbisha wakati wewe umeshamaliza kunyanyua. Maji hukusema kwa sauti. Kati ya lita nane na kumi na tano, basi, mtu hufundishwa ulaini, atake asitake. Alinieleza kwamba hafanyi hesabu ya mara alizonyanyua. Anahesabu zile zilizokuwa kimya. Asubuhi ile alinyanyua mara kumi na mbili, nikasikia maji yakilia mara saba. Akasema, "Tano, yaya." Akachukua kipande cha mkaa, akachora mistari mitano ukutani nyuma ya choo, chini ya mistari mingine mingi.

Nikamkumbuka mzee na sikio lake kwenye gunia. Ufundi huu haukaguliwi kwa macho. Mwanamke transi anaweza kuchukia mabega yake kwenye kioo, mwanamume transi akachukia kifua chake, na siku hiyo hiyo wote wawili wakanyanyua kimya. Kioo hakina la kuongeza hapo. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake huja kwa njia kadhaa: kuona wengine wakifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, kuusoma mwili wake ulivyo wakati huo, na iliyo na nguvu kuliko zote ni kufaulu kwa mkono wake mwenyewe. Mistari ya mkaa ni hiyo. Unaweza kumwambia mtu kila siku kwamba anafaa asikuamini. Mistari ameichora mwenyewe.

Mwili nao una siri inayowafaa wanaoanza. Katika majuma ya kwanza nguvu hupanda haraka kuliko misuli inavyonenepa, kwa sababu kinachojifunza ni mishipa ya fahamu: ubongo unajua kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli, na kuziamsha pamoja. Anayetaka nguvu bila kutanuka hana haja ya kuogopa mwezi wake wa kwanza. Baadaye mtu huchagua. Wanaume transi wengi huelekea mabegani na mgongoni, husukuma juu ya kichwa na kuvuta kwa mkono mmoja. Wanawake transi wengi hukaa kwenye mapaja na nyonga. Ni kama fundi seremala anayejua ni upande upi wa ubao aondoe na upi auache. Homoni, kwa anayezipata kwa daktari, zina mwendo wao. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mapaja ya watu transi wachache baada ya mwaka mmoja wa tiba: kwa wanaume transi msuli uliongezeka kama asilimia 15, kwa wanawake transi ulipungua kama asilimia 5 tu. Mazoezi humpa mtu usukani mdogo katika safari hiyo, na mifupa pia hufaidika.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa nimeona linapuuzwa. Anayefunga kifua kwa kitambaa ili kisionekane asinyanyue akiwa amekibana. Ufundi wote niliousimulia umejengwa juu ya pumzi iliyojaa, na mbavu zilizofungwa haziwezi kuipokea. Bendeji za kuvutika ndizo mbaya zaidi. Fulana pana, nyuma ya choo, alfajiri, inatosha.

Sitaki mtu afikiri kwamba nguvu huponya kila kitu. Janae Marie Kroc wa Michigan, Marekani, aliwahi kuwa mwanajeshi, akapona saratani, na mwaka 2009, katika kundi la uzito wa kilo 100, akaweka rekodi ya dunia: kuchuchumaa, kusukuma akiwa amelala na kunyanyua kutoka chini, jumla kilo zipatazo 1,157. Dunia nzima ya vyuma ina zoezi la kuvuta kwa mkono mmoja linaloitwa kwa jina lake. Wakati huo wote watu walimjua kama mwanamume. Alijitokeza hadharani mwaka 2015, na filamu ya maisha yake, *Transformer*, ilitoka 2017; ndani yake anaonekana anavutwa huku na huku, kati ya mwili mkubwa aliopenda kuujenga na mwanamke aliyetaka kuonekana. Misuli ile haikulifuta swali. Pengine ilimpa mahali pa kulificha. Namheshimu kwa sababu hakujifanya kuwa na jibu jepesi.

Na yupo Laurel Hubbard, mnyanyua vyuma wa New Zealand. Tarehe 2 Agosti 2021, Tokyo, akiwa na miaka 43, alikuwa mwanamke transi wa kwanza kushindana waziwazi katika mchezo wa mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki. Kelele za dunia nzima zilikuwa zimemtangulia: je, ni haki, siyo haki. Mjadala huo wa medali una watu wake na vipimo vyake, nami siuingilii. Mdogo wangu hashindani na mtu. Mimi nilitazama minyanyuo. Kilo 120, akashindwa. Kilo 125, waamuzi wakakataa. Kilo 125 tena, akashindwa. Hakuna medali, hakuna hata alama. Kisha akainama, akafanya umbo la moyo kwa mikono yake, akatabasamu, akaondoka jukwaani taratibu. Nimeirudia picha ile mara nyingi. Mtu aliyeshindwa kimya mara elfu nyuma ya nyumba anajua kushindwa mbele ya watu.

Wazee wetu wa Kiluba hawakushangazwa kuona mwili mmoja umebeba kilichoonekana ni cha mwingine. Zamani, mfalme wa Waluba alipofariki, roho yake ilikaa ndani ya mwanamke aliyeitwa mwadi. Alirithi alama za utawala na makao ya marehemu, na kwa watu alikuwa ndiye mfalme. Sisemi mwadi alikuwa transi. Hilo ni neno la leo, na yeye alikuwa na kazi yake ya heshima. Nasema tu kwamba nchi hii ya Lualaba imewahi kumwona mwanamke, ikamwita mfalme, na mto ukaendelea kutiririka kuelekea Kongolo.

Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amefika lita kumi na saba kila upande. Maji yalikuwa karibu kujaa, kwa hiyo yalikuwa yamepunguza kusema, na alilalamika kwamba sasa imekuwa rahisi kudanganya. Akamwaga lita tano kila upande ili zipate nafasi ya kulia. Akanyanyua mara nane. Nilisikia nzi, nikasikia jogoo wa jirani, nikasikia pumzi yake ikitoka kupitia meno. Maji sikuyasikia hata mara moja.

Kisha mama yake akaita kutoka jikoni kwamba bukari, ugali wetu, inangoja maji. Akafungua ule mpira wa baiskeli, akachomoa mti, akaibeba bidoni moja kwa mkono wa kulia bila kuegemea upande wowote, na kuimimina sufuriani.