Adui Yuko Wapi? Waandishi Wapendwao na Wasomaji wa Pwani ya Mtwara

Katika sura ya nne ya Waraka wa Pili kwa Timotheo mna mambo mawili ambayo wahubiri wetu hawayaweki pamoja mara nyingi. Katika aya ya tatu Mtume anaonya juu ya wakati ambapo watu watajikusanyia waalimu kwa kufuata tamaa zao wenyewe. Katika aya ya kumi na tatu Mtume huyo huyo, akiwa kifungoni na akijua kwamba kufa kwake kumekaribia, anaagiza aletewe joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Aya moja yatuonya kwamba mapenzi ya msikilizaji yaweza kumpoteza. Nyingine yatuonyesha mtu wa Mungu ambaye hata mlangoni pa mauti hakuacha kutaka kusoma. Makala hii inakusudia kuzishika aya zote mbili kwa kuuliza swali jepesi: wasomaji wa Mtwara na wa pwani ya mlango wa Ruvuma wamewapenda waandishi gani, kwa nini mapenzi hayo yamebadilika, na jambo hilo lina maana gani kwa kanisa?

Majibu mawili husikika mara kwa mara. Wazee husema kwamba zamani watu walisoma vitabu vya hekima, na sasa wanasoma upuuzi. Vijana husema kwamba zamani watu walisoma walichopewa na mwalimu, na sasa wanasoma wanachokipenda. Majibu yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Kwanza yanasahau kwamba mtu hawezi kupenda kitabu kisichomfikia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, safari ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ilikuwa ya mashaka makubwa wakati wa masika, na vitabu vilichelewa kama vilivyochelewa bidhaa nyingine. Pili yanasahau kwamba katika pwani hii kusoma hakukuwa kazi ya mtu mmoja aliyejitenga. Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ni mtungo wa kusikilizwa kuliko wa kutazamwa kwa macho: mmoja asoma, wengi wasikia. Msomaji wa pwani humpenda mwandishi anayeweza kusomwa barazani.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo kiini cha makala hii. Kila mwandishi apendwaye na watu wengi huwajibia swali lililo mioyoni mwao, nalo mara nyingi ni hili: adui yetu ni nani, na yuko wapi?

Karama mbele ya baraza

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa mwandishi wa Kiswahili aliyependwa na Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Alipata wasomaji shuleni na nje ya shule, na Mkristo aliyemsoma Adili na Nduguze alifurahia, pengine bila kujua, kisa chenye asili katika Alfu Lela u Lela. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Msomaji wa Biblia hahitaji kuambiwa kwamba hii ni njia ya manabii. Yeremia angemtambua Karama kuwa ndugu yake.

Kwa watu waliokuwa chini ya utawala wa kigeni jibu lilikuwa wazi: adui yu katika kiti cha hukumu, na silaha yetu ni neno la haki lisemwalo kwa adabu. Hapo ndipo penye nguvu ya Shaaban Robert, na hapo ndipo pia penye udhaifu wake. Mtu aliyepewa jina la Majivuno hawezi kutushangaza. Mtu mzima anapotoka kitabuni na kurudi kwa jirani zake, hukuta kwamba Karama na Majivuno wamekaa katika mwili mmoja. Sidhani kwamba waliomwacha Shaaban Robert baada ya kumaliza shule waliacha kuipenda hekima. Wengi waliona tu kwamba maisha yamewapa swali jingine.

Willy Gamba na mto Ruvuma

Miaka ya 1970 vijana walianza kumsoma Elvis Musiba. Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, na mpelelezi Willy Gamba akawa jina la nyumbani. Kanisani tulivikemea vitabu hivyo kwa sababu ya bastola, pombe na wanawake. Makemeo hayo hayakuwa ya bure, lakini hayakuuliza kwa nini kijana wa Kilambo au Msimbati amekipenda kitabu hicho.

Tukumbuke mahali alipokuwa amekaa kijana huyo. FRELIMO ilianza vita yake tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto. Wamakonde waliokimbia walivuka Ruvuma wakaja kwa ndugu zao, na vijiji vya mpakani vya Mtwara vilikusanywa mapema kuliko vya mikoa mingi, si kwa ajili ya siasa ya ujamaa peke yake bali pia kwa ajili ya ulinzi. Willy Gamba anapambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa burudani yenye uzalendo. Kwa msomaji wa mpakani zilikuwa habari za kijijini kwake, zikisimuliwa kwa namna ambayo sisi tunashinda. Adui ni mgeni, ana silaha, yuko ng'ambo, na mtu wetu ni hodari kuliko yeye.

Basi Musiba hakupendwa kwa sababu maadili yalikuwa yameoza. Alipendwa kwa sababu watu walikuwa na hofu yenye sababu, naye aliituliza. Kosa la riwaya ya namna hii ni jingine: adui akiisha kufa, kitabu kimekwisha. Msomaji hakuombwa lolote. Anakifunga kitabu akiwa mwenye haki kama alivyokifungua.

Adui ndani ya nyumba

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alimnyima msomaji raha hiyo. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa kwa muda kusomwa shuleni, na baadaye ikaingizwa katika masomo. Wengi walidhani kwamba kosa la kitabu ni kutaja wazi mambo ya mwili. Mimi naona kwamba kilichowaudhi wazazi ni Zakaria, baba mkali na mlevi, ambaye ukali wake haukumlinda binti yake bali ulimtayarishia maangamizi. Katika Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, kitabu kinachohusu kuhamishwa kwa watu vijijini, adui si mkoloni tena. Ni sisi kwa sisi.

Kezilahabi, aliyepitia seminari ya Nyegezi, aijua dhambi kuliko wengi wetu tunaosimama mimbarani. Lakini Rosa anajiua, na Kazimoto katika Kichwamaji anajiua. Hukumu yake ni ya kweli, ila baada ya hukumu hakuna mlango. Ndiyo maana huheshimiwa zaidi vyuoni kuliko anavyopendwa barazani. Watu hawakimbii ukweli tu. Hukimbia pia nyumba isiyo na mahali pa kutokea.

Hofu imerudi, vitabu vimebadilika

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, na tangu hapo watu wa Cabo Delgado wamepata mateso makubwa. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Hofu ya mpakani imerudi, lakini sasa haina sura iliyo wazi. Adui wa mwaka 1970 alivaa sare ya Mreno. Adui wa sasa yaweza kuwa anasema lugha yetu.

Katika wakati huo huo maandiko yanayopita kwa wingi mikononi na katika simu za waumini wetu ni visa vya kusisimua vinavyotolewa vipande vipande, na vijitabu vya shuhuda juu ya majini, wachawi na vifungo vya ukoo. Wahubiri huvisifu vijitabu hivi kwa kuwa vinataja jina la Yesu. Kwa jicho la mhakiki, vingi vimejengwa kama riwaya ya upelelezi: pana adui aliyejificha, pana mtu mwenye uwezo wa kumfichua, pana pambano, kisha ushindi. Tofauti ni kwamba Willy Gamba alimtafuta adui wa taifa zima, na kijitabu humwonyesha msomaji shangazi yake, au mama mkwe, au jirani wa dini nyingine. Mahali ambapo Mkristo na Mwislamu wanavua katika ghuba moja, na ambapo mgeni kutoka ng'ambo huenda ni ndugu wa damu, mafundisho ya namna hiyo yaweza kumwaga damu. Tamaa ambayo Mtume aliionya si tamaa ya mwili peke yake. Iko pia tamaa ya kuambiwa kwamba uovu wote ni wa mtu mwingine.

Kipimo cha Nathani

Kanisa lina kipimo chake, nacho kimo katika 2 Samweli 12. Nathani alimsimulia Daudi kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Daudi alikisikiliza kama tunavyoisoma riwaya ya upelelezi: alikasirika, akamtambua mwovu, akataka auawe. Ndipo nabii alipokigeuza kisa kikamwelekea msikilizaji mwenyewe. Na Daudi alipoungama, Nathani hakumwacha pale. Alimtangazia msamaha, ingawa matokeo ya dhambi yalibaki. Kisa chema huanza kwa kutupendeza, hutushitaki, kisha hutuachia mlango. Musiba ana la kwanza, Kezilahabi ana la pili. La tatu ni haba kwa wote.

Walutheri hatuna sababu ya kudharau hadithi. Luther mwenyewe, alipokuwa Coburg mwaka 1530, aliufanyia kazi mkusanyo wa hekaya za Esopo. Na karibu nasi, mwaka 1996, Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapisha Enjili na Matendo ya Mitume zilizotungwa na Mwalimu Nyerere kwa umbo la utenzi, umbo ambalo mtu wa pwani wa dini yoyote hulitambua kwa sikio. Hiyo ni kazi ya kusomwa kwa sauti, na ni ajabu kwamba husikika kwa nadra katika sharika zetu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba wachungaji wasianze kwa kukataza. Waulize katika usharika ni kitabu gani au kisa gani kinasomwa sasa, wakisome wao wenyewe, kisha wakisome pamoja na vijana, wakiuliza maswali matatu: Adui katika kisa hiki ni nani? Mimi nimo wapi? Mwovu anaachiwa njia ya kurudi? Mchungaji asiyejua waumini wake wanasoma nini hajui wanaogopa nini, na asiyejua hofu yao atawahubiria majibu ya maswali ambayo hawakuuliza.