Neno la Kumwachia Aliye Kazini

Kwenye mteremko wa Croix-Rousse, mjini Lyon, palikuwa na fundi viatu mmoja. Nyumba za mtaa ule zina dari zilizo juu, nyingine zinafika mita 4, kwa sababu katika karne ya 19 zilijengwa ziweze kuchukua mitambo ya kufumia hariri. Mitambo iliondoka zamani. Yeye alibaki huko chini, katika chumba chembamba kinachonuka gundi na ngozi, msharasi mkononi, nyuzi zilizopakwa nta zikimning'inia shingoni.

Jioni moja nilikwenda kuchukua viatu vyangu, nikawakuta wateja watatu mbele yangu. Kila aliyetoka alimwachia neno. Mama mwenye mtoto alisema "bonne soirée", jioni njema. Mzee mmoja akasema "à demain", tutaonana kesho. Wa mwisho alikuwa kijana wa duka la mikate la ng'ambo ya barabara, aliyekwisha kufunga. Aliutazama mlima wa viatu uliokuwa bado haujaguswa, akasema taratibu: "Bon courage." Wale wawili fundi aliwajibu akiwa ameinama. Huyu alimwinulia kichwa.

Zamu yangu ilipofika, na mimi nikataka kumwachia neno jema. Nikamwambia "bonne chance". Akasimamisha sindano.

"Bahati?" akauliza. "Bahati ni ya wacheza bahati nasibu. Hivi viatu vinataka kushonwa."

Hakukasirika. Aliuelekezea kidevu ule mlima, akaniambia nirudie alilosema kijana wa mikate. Nikarudia. Akaitika "merci" na kurudi kwenye soli yake.

Nimelifikiri neno hilo miaka mingi. Courage limezaliwa na cœur, yaani moyo. Katika Kifaransa cha kale lilikuwa ni moyo wenyewe, makao ya hisia na nia, kabla halijahamia kwenye ushujaa. Kwa hiyo anayesema bon courage hamwombei mwenzake ushujaa wa vitani. Anamtakia moyo usichoke kabla ya mikono. Sisi tunaosema "jipe moyo" na "piga moyo konde" tunalielewa hilo bila kufungua kamusi.

Ufundi wake uko katika kujua wa kumwambia. Huambiwa jirani anayehama huku kabati lake lingali limekwama kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Huambiwa keshia wa zamu ya jioni, na mwenye mgonjwa hospitalini. Mwanafunzi anayengojea mtihani wa baccalauréat anastahili yote mawili: bonne chance kwa maswali, maana hajui yatakayomwangukia, na bon courage kwa usiku wa kukesha na daftari. Anayekwenda likizo haambiwi. Bibi harusi akiambiwa, watu watatazamana, maana ni kama kumpa pole kwa mume aliyempata. Na sauti ina kazi yake pia. Mwalimu anayehama shule akimkabidhi mwenzake darasa, kisha akashusha pumzi na kusema "bon courage", mgeni huyo ajue ameonywa. Mbele ya msiba wengi huliacha lile bon, kwa kuwa wema haukai vizuri hapo. Hushika mkono wa mfiwa wakasema "courage" tu.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mara nyingi husemwa na anayeondoka, akimwambia anayebaki. Ndani yake mna haya kidogo: mimi nakwenda kupumzika, wewe bado. Kijana wa mikate alikuwa ameamka usiku wa manane kukanda unga. Alijua uzito wa kubaki.

Sisi tuna "pole na kazi", na sioni lugha iliyolipita neno hilo kwa upole. Ila pole yetu huutazama mzigo uliokwisha kubebwa, ndiyo maana hujibiwa "nishapoa". Bon courage hutazama mzigo uliobaki. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi, ambao Kifaransa na Kiswahili wamevikalisha mkeka mmoja, wanayo yote mawili. Humpa mtu pole yake, kisha wakamwongezea courage ya kwenda nayo mbele. Nawaonea wivu kwa utajiri huo.

Majira ya kuchipua ya 2020, Wafaransa wakiwa wamefungiwa ndani kwa sababu ya korona, kila saa mbili usiku walitoka madirishani kuwapigia makofi wauguzi na madaktari. Wakati huo bon courage ilikuwa na damu ndani yake, maana kila mmoja alijua nani amebaki kazini na anabaki na nini. Siku hizi naliona limebandikwa mwishoni mwa barua pepe kama muhuri, na anayelibandika hajui kama ninayo kazi au ninalala. Na madukani wameweka mashine za mteja kujilipia mwenyewe. Unapitisha mkate wako juu ya kioo, taa inawaka kijani, unatoka. Hakuna wa kumwachia neno.

Nasi hatuna la kuwacheka. Dar es Salaam nimesimama mara nyingi kwa mafundi cherehani nikisikiliza watu wanavyoagana nao. Fundi amekaa kitako siku mbili nzima, gauni limepigwa pindo kwa mkono usiku, umeme umekatika, pasi ya mkaa imewashwa. Mteja analikung'uta gauni, analikunja, anabonyeza simu. "Nimetuma, angalia," anasema, na mgongo umeshageuka. Pesa imefika kamili, hilo silikatai.

Mwezi uliopita nilipeleka viatu kwa fundi mmoja pembeni mwa barabara Kariakoo, chini ya mwavuli uliochanika. Vilikuwa vilevile vya Lyon. Mshono wa yule fundi wa Croix-Rousse bado umeshika, kisigino ndicho kilicholika. Nilipoondoka nilimwambia, "Pole na kazi, fundi." Akainua kichwa, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama mimi ni mgeni hapa mjini.