‘Mna’, ‘kuna’ au ‘pana’? Hisabati haisamehe kiambishi

HUSEMWA hivi kanuni ya thamani ya kati inapofafanuliwa kwa Kiswahili: “Ukianzia chini ya sifuri na kuishia juu yake, katikati pana sifuri.” Sentensi ni tamu masikioni. Hata hivyo, naiona na kasoro mbili.

Mosi, imeacha sharti. Panda matatu nambari 105 katikati ya jiji la Nairobi, upitie Westlands, Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu. Jijini uko chini ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kikuyu umepita mita 1,900. Toa 1,800 katika kila kimo: mwanzoni utapata hasi, mwishoni chanya. Barabara hairuki, kwa hivyo lazima mahali fulani upate sifuri. Nauli je? Mvua ikinyesha, makanga anatoka shilingi 50 hadi 100 papo hapo, bila kupitia 73. Nauli huruka, kimo hakiruki. Wapo wanaoiita sifa hii ‘endelevu’, neno ambalo tayari lina kazi yake katika uchumi na mazingira. Napendekeza ‘isiyokatika’.

Pili, kiambishi kimeteleza. Msomaji anajua kuwa pa- huonyesha mahali mahususi, ku- mahali pasipo dhahiri, na m(u)- ndani. Bernard Bolzano, aliyechapisha uthibitisho wake jijini Prague mwaka 1817, hakuonyesha mahali. Alithibitisha kwamba ndani ya kipande mna angalau sifuri moja. Barabara yenye mabonde huenda ikawa nazo tatu. Ukisema ‘pana’, umeahidi kuonyesha kwa kidole.

Kuonyesha ni kazi nyingine. Chukua safari hiyo, tuseme ni kilomita 20, uigawe nusu. Ikiwa sifuri haiko pale pale katikati, baki na nusu ambayo ncha zake zina alama tofauti, kisha urudie. Baada ya mara 10 utabaki na kipande cha takribani mita 20. Hapo ‘mna’ inaanza kuikaribia ‘pana’.

Wanaodai Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati ya juu wametazama msamiati, wakasahau sarufi. Kutenganisha ‘kuwepo’ na ‘kujulikana kulipo’ ndiko kiini cha uthibitisho huu, na lugha yetu hufanya hivyo kwa silabi moja. Kinachohitajika ni mwalimu kuichagua silabi hiyo kwa makini.