Kinu Kisichosaga

Tumeisoma, mjini Songea, tafsiri ya maelezo ya biolojia iliyopigwa chapa kwa ajili ya walimu, sehemu ihusuyo jinsi seli ianzavyo kuunda protini. Kiswahili chake ni chepesi, na mfasiri anastahili pongezi kwa kutoliogopa somo gumu. Hata hivyo istilahi tatu hazina budi kutazamwa upya.

Ribosomu imeitwa "kinu cha protini". Katika mkoa wa Ruvuma, ulao ugali wa mahindi, hakuna mtoto asiyejua kazi ya kinu: hutiwa kitu kizima, kikatoka kimepondeka. Ribosomu hufanya kinyume. Huunganisha asidi amino moja moja hata zikawa mnyororo. Isitoshe, kinu ni kitu kimoja, ilhali ribosomu ina sehemu mbili, ndogo na kubwa, ambazo kabla ya kazi huwa zimeachana. Streptomisini, dawa ya kifua kikuu iliyogunduliwa mwaka 1943, huinasa ile sehemu ndogo ya ribosomu ya bakteria. Mwalimu atalielezaje jambo hilo kwa kinu? Tubaki na ribosomu.

Ya pili ni "RNA ya uhamisho". Mtumishi wa serikali asomapo neno uhamisho hukumbuka barua ya kumtoa Songea kumpeleka Tunduru. RNA hii haihamishwi kituo. Hubeba asidi amino, huikabidhi, kisha hurudi kuchukua nyingine. Twapendekeza "RNA chukuzi", kwa kuwa mchukuzi twamjua. "RNA tarishi", kwa ile iletayo ujumbe wa jeni, mfasiri ameichagua vizuri sana.

Kosa kubwa ni la tatu. Mfasiri asema usomaji huanzia "mwanzo wa RNA tarishi". Sivyo. Katika seli zenye kiini, kama zetu, kwa kawaida sehemu ndogo, ikiwa na RNA chukuzi iliyobeba methionini, huishika ncha ya RNA tarishi na kuifuata mpaka ikute herufi tatu, AUG. Hapo ndipo sehemu kubwa hujiunga na usomaji huanza. Herufi husomwa tatu tatu. Ukipotea herufi moja, yote yafuatayo huharibika. Kwa hiyo ncha na iitwe "mwanzo", AUG iitwe "kianzio". Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa mambo hayo mawili ni mamoja atahesabu asidi amino zisizokuwapo, na msahihishaji wa mtihani hatamwuliza ni nani aliyetafsiri.