Kitufe cha Kuanza Upya

Mara tatu injini zote mbili za Boeing 737 zilinizimikia angani. Ndege yenyewe ni ya kuigiza tu, ya kwenye kompyuta. Kila mara niliilaani programu, nikabonyeza kitufe nikaanza upya. Mara ya nne nilitafuta chanzo: pampu za mafuta sikuziwasha, na taa zake za manjano zilinionya tangu uwanjani. Ndege ikiwa chini, injini huweza kuvuta mafuta bila pampu. Juu sana huweza kushindwa. Programu ilisema kweli. Mzembe nilikuwa mimi.

Hata hivyo, ninayo lawama. Januari 1989, injini ya kushoto ya 737 iliharibika angani Uingereza. Marubani, kwa haraka, wakazima ya kulia iliyokuwa nzima. Ndege ikaanguka karibu na Kegworth, watu 47 wakafa. Wao hawakuwa na kitufe. Programu yangu inaigiza vizuri pampu na hewa, lakini inaniruhusu kulikimbia kosa kabla sijalielewa. Siku hizi sianzi upya mpaka nijue kilichozima injini.